Biashara ya nyumbani: jinsi ya kufanya kazi hata siku hamu haipo

Swali ni lile lile kila wiki, limebadilishwa nguo tu. "Dada, wewe unaamka aje unafanya kazi na hakuna mtu anakungoja mahali?" Mwingine ananiambia akikaa kwa cherehani nusu saa tu anaona vyombo, anaenda kuviosha, akirudi anakumbuka nguo ziko kwa kamba na mawingu yameshuka, anashtukia ni saa nane na rinda la watu liko vile alivyoliacha. Kuna kijana wa Kiamunyi anasikiliza sauti za watu na kuziandika kwa kompyuta, analipwa kwa dakika ya sauti, yeye shida yake si watoto ni kitanda, kiko hatua mbili kutoka kwa meza. Na juzi mama wa Free Area anayekaanga krisps aliniuliza kama kuna dawa ya hamu, juu yake iliisha Februari na haijarudi.

Nimeamua kuandika yote mahali pamoja ndio nikiulizwa tena nitume hii. Mimi nashona, kwa nyumba, hapa Nakuru, mwaka wa nane sasa: sare za shule, mapazia, na kurekebisha mitumba ya watu. Mifano mingi itakuwa ya cherehani juu ndiyo naijua, lakini hata kama unaoka keki ama unachanganya sabuni ya maji ama unasuka nywele, hatua ni hizi hizi.

Jambo moja la kuelewa kwanza. Wenye wameshonea cherehani ya mguu wanajua huanzi na mguu. Unasukuma gurudumu na mkono, linazunguka kidogo, ndio mguu unashika na kazi inaenda. Ukikanyaga tu bila huo mkono mashine inaweza kuzunguka kinyume na kukukatia uzi. Hamu ni huo mguu. Watu wengi wanakaa wakingoja ushike peke yake, na siku inaisha hivyo. Mwongozo huu wote ni wa mkono, yaani vitu vidogo vya kusukuma siku ianze, hata ile asubuhi ya Julai baridi ya Nakuru imeingia kwa mifupa na blanketi ni tamu.

Vitu vya kuwa navyo kabla uanze

- Kona moja ya kazi. Si lazima chumba. Kama unaishi bedsita, weka meza iangalie ukuta, upe kitanda mgongo, na ukiweza tundika pazia katikati. Kitambaa cha pazia la bei rahisi ni pesa kidogo kuliko siku moja ukilala.
- Kiti chenye mgongo. Stuli itakumaliza kiuno kwa wiki mbili na utafikiri umeshindwa na biashara.
- Eksasaizi buku moja na kalamu mbili. Usianze na programu ya simu, utaona kwa nini kwa hatua ya 5.
- Kabambe, yaani simu ndogo ya vibonye, ama saa yoyote ya kuhesabu dakika ambayo haina WhatsApp ndani.
- Mahali pa pesa ya biashara peke yake. Laini ya pili, ama Pochi la Biashara ya Safaricom kwa laini hiyo hiyo yako, inatenga pesa ya wateja na ile ya unga.
- Taa ya sola ama pawabanki iliyojaa.
- Mtu mmoja anayefanya kazi yake pia, hata kama si ya aina yako, atakayekuuliza Ijumaa umemaliza nini. Asiwe mtu wa kukuonea huruma.

Hatua ya 1: Tafuta masaa yako, usiyakisie

Siku tatu za kwanza usibadilishe kitu. Andika tu kwa buku kila saa ulikuwa unafanya nini. Utaona nyumba yako iko na masaa matulivu na masaa ya vita. Kwangu, watoto wanatoka mapema, wa nasari anarudi wakati wa lanchi, kwa hivyo utulivu wangu ni saa mbili na nusu hadi saa tano na nusu, halafu kuna kasaa kengine kuanzia saa nane akilala. Yako yanaweza kuwa usiku. Kuna mwenzangu wa keki anaoka saa kumi alfajiri juu jiko linakuwa lake peke yake, na saa moja ameshamaliza.

Ukishayaona, chagua masaa manne tu. Manne ya kweli. Kosa ambalo karibu kila mtu anafanya ni kujipangia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni kama mtu wa kiwanda, siku ya kwanza anaweza, ya pili anaweza, ya tatu mtoto anaamka na homa na mpango wote unaanguka, halafu anajiambia yeye hana nidhamu. Nidhamu iko, ni mpango ulikuwa mkubwa kuliko nyumba.

Hatua ya 2: Waambie watu, kwa mdomo, na mapema

Hapa ndipo nitakaa kidogo, juu biashara nyingi za nyumbani naona zinafia kwa mlango, wala si kwa soko.

Ukiwa nyumbani watu wanaona umekaa. "Si uko tu kwa nyumba?" Kwa hilo neno "tu" unashikiwa mtoto wa jirani, unaachiwa ufunguo, unatumwa posho mili, unangojea fundi wa maji wa mwenye ploti. Hawana roho mbaya. Hawajawahi kuambiwa. Mimi nilinuna miezi mingi kabla nigundue hakuna mtu hata mmoja nilikuwa nimemwambia masaa yangu.

Kwa jirani, sema hivi ukiwa umetulia, si siku amekukasirisha: "Mama nanii, nimeanza kazi rasmi, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tano na nusu nakuwa kwa mashine. Ukiona leso nyekundu kwa mlango jua niko kazini, ikitoka karibu chai." Halafu weka hiyo leso kweli na uitoe kweli. Wiki ya kwanza watabisha tu. Fungua mlango ukiwa umesimama, na futi yako ya kupimia shingoni, sikiliza, jibu, useme nitakuja kwako saa sita. Na uende. Usipoenda, leso yako haitaheshimiwa tena.

Mama mkwe hafukuzwi na leso, tusidanganyane. Akija, simama, mkaribishe, weka chai, keti naye kwanza. Baada ya hapo omba ruhusa: "Mama, naomba nishone vifungo tukiongea." Mimi huwa naweka kikapu cha kazi za mkono kando kwa ajili ya wageni wa heshima, vifungo, pindo, kufungua mshono. Mara nyingi yeye mwenyewe anachukua sindano. Mama yangu mkwe amenishonea vifungo vya sare vingi sana na anapenda kusema hivyo kanisani.

Mzee wa nyumba, kama yuko, mwambie masaa na mwambie pia pesa. Mtu akijua yale masaa matatu yanalipa tokeni za stima na maziwa anakuwa mlinzi wa mlango bila kuombwa.

Watoto hawaelewi saa, wanaelewa ishara na chakula. Weka kikombe cha uji na kipande cha mandazi tayari kabla ukae, mpe kazi yake karibu na wewe, vitambaa vya kukata na makasi ya plastiki isiyo na ncha, rangi, chochote. Mkasi wako, pini na sindano viwe juu ambapo hafiki, na pasi ikiwa moto isiachwe hata dakika moja ukienda mlangoni. Mwenye mafuta ya kukaanga ama soda kali ya sabuni, hizo kazi fanya mtoto akiwa shule ama kwa mtu mwingine, hapo hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 3: Siku inaanza jana yake jioni

Dakika kumi kabla ulale, ama kabla upike sapa, fanya mambo mawili.

Moja, andika kazi tatu za kesho. Tatu. Ziandike kwa kitendo: "kata suruali mbili za gredi ya nne", usiandike "sare". Neno "sare" ni mlima, suruali mbili ni njia.

Mbili, acha kazi ya kwanza mezani ikiwa imeanza. Mimi huacha mshono mmoja katikati, uzi umetungwa, bobini ya uzi wa chini imejaa, kitambaa kiko chini ya mguu wa mashine. Asubuhi sihitaji kuamua kitu, nakaa namaliza ule mshono na nikimaliza naona niko kazini tayari. Mwenye keki aache unga umepimwa na kuchekechwa kwa bakuli limefunikwa. Yule kijana wa kompyuta nilimwambia aache faili wazi na sentensi nusu.

Hatua ya 4: Vaa, kaa, dakika kumi

Oga ama nawa uso, vaa kitu ambacho hulali nacho na viatu. Si mapambo. Mwili unajua slipasi ni za kupumzika. Kitanda kitandikwe kabla ukae, hasa kama uko bedsita.

Halafu weka kabambe dakika kumi na ujiambie zikiisha unaruhusiwa kuacha. Na ni ruhusa ya kweli, usijidanganye, siku zingine utaacha na ni sawa. Lakini nyingi hutaacha, gurudumu limeshazunguka.

Ukizoea, panda hadi dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Hiyo hesabu ilianzishwa na Mwitaliano Francesco Cirillo akiwa mwanafunzi wa chuo mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya ndio maana inaitwa pomodoro, neno la Kiitaliano la nyanya. Baada ya nne unapumzika zaidi. Kwa kukata kitambaa 25 ni fupi sana, utavuruga vipimo, hapo mimi huenda mpaka nimalize kipande.

Zile dakika tano ndizo zinakula watu. Usishike simu, usioshe vyombo. Toka nje, nyoosha mgongo, angalia mlima Menengai, kunywa maji, rudi. Vyombo ni mtego mbaya juu vinakupa raha ya kumaliza kitu, unajisikia umefanya kazi na hakuna mteja amelipia sufuria yako.

Hatua ya 5: Simu iwe na masaa yake

Najua utaniambia wateja wako wako kwa simu. Wangu pia. Lakini mteja wa rinda hafi akijibiwa baada ya saa mbili. Mimi najibu mara tatu: saa mbili na robo kabla nikae, saa sita, na saa kumi na moja. Katikati simu iko chumba kingine, imewekwa sauti ya kupigiwa tu, mwenye haraka atapiga.

WhatsApp Business inakuwezesha kuweka ujumbe wa kujibu yenyewe ukiwa haupo. Andika kwa lugha ya kwako: "Asante kwa kuwasiliana, niko kwa mashine sasa, nitakujibu saa sita. Kama ni haraka nipigie." Weka pia picha za kazi na bei kwa katalogi, maswali nusu yatajijibu.

Onyo: kuposti si kushona. Nimeona watu wanapiga picha ya keki moja asubuhi yote, wanabadilisha stetasi, wanaangalia nani ameona, na oda ya jioni haijaguswa. Posti wakati wa kujibu, si wakati wa kazi.

Hatua ya 6: Gawa kazi za stima na zisizo za stima

Miezi ya mvua hapa, Machi hadi Mei, radi ikipiga jioni unajua taa inaweza kupotea. Ikipotea watu wanakaa kwa ngazi wanaongea mpaka irudi, na siku inaenda. Chora mstari katikati ya ukurasa wa buku. Upande mmoja andika kazi zinazotaka stima, mwingine zisizotaka. Kwangu stima ni pasi, ovaloki ya kufunga kingo za kitambaa, na mashine ya mota. Bila stima ni kupima, kukata, kushikiza kwa mkono, vifungo, kupiga hesabu, kupigia wenye madeni, na cherehani ya zamani ya kukanyaga ambayo siwezi kuuza hata unipe pesa gani. Nina pasi ya makaa pia, ila hiyo naitumia nje ama dirisha likiwa wazi, moshi wa makaa kwa nyumba iliyofungwa unaua.

Halafu andika kwa mfumo wa ikiwa na basi. Ikiwa stima itapotea, basi nachukua kikapu cha vifungo. Ikiwa mgeni atakuja, basi tutaongea hadi kikombe kiishe. Ikiwa mteja hajaleta kitambaa, basi nakata oda inayofuata. Profesa mmoja wa saikolojia anaitwa Peter Gollwitzer ametafiti miaka mingi huu mtindo wa kuamua mapema na kuonyesha unasaidia watu kufanya kile walichokusudia. Kwangu faida yake ni kwamba siamui nikiwa nimekasirika gizani.

Na tokeni nunua siku ya pesa, usingoje mita ilie katikati ya oda.

Hatua ya 7: Funga mlango wa pesa

Hii watu hawaitegemei kwa mambo ya hamu, lakini mimi naamini hamu nyingi zilizopotea ni pesa iliyopotea.

Januari 2019 nilichukua sare 38 za wazazi wa shule moja hapa mjini. Sikuomba dipositi kwa mtu, niliona ni aibu, wengi tunasali pamoja. Kitambaa nilinunua na pesa yangu na nyingine ya kukopa. Nilishona usiku na mchana, macho yakafura. Sare 11 hazikuchukuliwa, watoto walihamishwa, wengine wazazi walinyamaza tu. Kufika Machi kila nikiona kile kitambaa cha buluu kwa kona nilikuwa naenda kulala. Nilidhani nimekuwa mvivu, hata niliombewa. Haukuwa uvivu, mwili ulikuwa umekataa kazi isiyolipa na ulikuwa na haki.

Kwa hivyo:

Dipositi nusu kabla mkasi uguse kitambaa. Sema bila kuomba msamaha: "Nusu inanunua kitambaa, nusu ukichukua." Mteja mzuri hakasiriki. Hata wa kanisa, hata shemeji.

Andika deti ya kuchukua kwa karatasi na kwa buku, na utoe deti yenye siku mbili za nyongeza.

Jilipe kila Ijumaa. Hata kama ni Sh 500. Itoe kutoka kwa pesa ya biashara uitume kwa laini yako, uone meseji ikiingia. Mtu asiyelipwa anaacha kazi, hata akiwa yeye ndiye bosi. Na kinyume chake, usichote pesa ya uzi kununua sukuma, ukichota andika ni deni na ulirudishe.

Usichukue mkopo wa simu kununua kitambaa cha oda isiyo na dipositi. Hapo sina maneno zaidi.

Hatua ya 8: Ijumaa, hesabu vilivyomalizika

Saa kumi jioni fungua buku, andika nimemaliza nini, nimelipwa ngapi, nani ananidai, nani namdai. Usiandike ulijisikiaje. Halafu mtumie yule mtu wako: "Suruali sita, pazia moja, madeni mawili yamelipwa." Yeye akutumie yake. Wangu ni mwanamke wa Njoro anafuga kuku wa mayai, haelewi chochote cha kushona na hajawahi kuniuliza kwa nini, anauliza tu ngapi. Hilo "ngapi" limenitoa kitandani Alhamisi nyingi.

Jumapili usifanye. Kama dini yako ni siku nyingine, hiyo. Funika mashine na kitambaa, kihalisia, ndio jicho lisiione.

Hatua ya 9: Jua misimu yako isije ikakuvunja moyo

Wanaoanza wengi wanaachia hapa. Wanaingia Novemba, Desemba iko moto, Januari wanakimbia, halafu Februari kimya, wanafikiri Mungu amefunga mlango. Ni kalenda tu. Kazi ya sare inapanda Januari, inapanda tena kidogo karibu na kufunguliwa kwa muhula wa pili na wa tatu. Gredi mpya zikianza inapanda zaidi, Januari 2023 wakati gredi ya saba ya kwanza iliingia junia sekondari tulikesha. Mapazia na nguo za sherehe ni Agosti na Desemba. Wateja wangu wa upande wa Njoro na Rongai wanalipa vizuri mahindi yakishauzwa, mwisho wa mwaka, kabla ya hapo hata ukipiga simu mara kumi pesa iko shambani.

Chora miezi 12 kwa ukurasa mmoja, weka alama ya juu, katikati na chini. Miezi ya chini ipe kazi zake kabla ifike: kupeleka mashine kwa fundi isafishwe, kushona sampuli mbili tatu, kukusanya madeni, kujifunza kitu kimoja kipya. Na weka kando pesa kidogo ya Januari kwa ajili ya Februari, hata kupitia chama. Ukijua kimya kinakuja hakikutishi sana.

Ikikataa: maswali ninayoulizwa sana

*Nilianza vizuri, wiki ya pili nikaanguka.* Punguza. Masaa manne yawe mawili, kazi tatu ziwe moja, kwa wiki moja. Usijaribu kulipa siku ulizopoteza, kesho ni masaa ya kesho tu.

*Nakaa kwa mashine lakini akili haishiki.* Angalia vitu vya mwili kwanza. Umekula? Umelala ngapi? Sindano ni butu? Usicheke, sindano mbaya inaruka mishono na inakuchosha mpaka unachukia kazi yote. Badilisha, tia mafuta, futa pamba za chini ya bobini. Kila kazi iko na sindano yake butu, kwa kijana wa kompyuta ilikuwa ni hedifoni ya upande mmoja.

*Mtoto ni mgonjwa.* Siku hiyo si ya kazi. Tuma ujumbe kwa mwenye oda mapema, mpe deti mpya. Zile siku mbili za nyongeza ziliwekwa kwa ajili ya leo.

*Nimeposti mwezi mzima hakuna oda.* Basi toka. Beba kazi mbili nzuri kwa mfuko, nenda chama, nenda kwa wale walimu wa nasari, pita kwa mama mboga wako ambaye anajua kila mtu wa ploti. Pigia wateja watano wa zamani, usiwaambie "niungeni mkono", waulize ile suruali inaendeleaje na kama mtoto ameongezeka urefu. Wawili wataleta kitu.

*Mzee anasema ni mchezo.* Usibishane. Ijumaa muachie buku mezani likiwa wazi.

*Majirani wanataka bei ya ujirani.* Andika bei kwa karatasi ukutani. Ukitaka kusaidia mtu, msaidie na pindo la bure, usimpunguzie rinda, juu akipunguziwa yeye esteti nzima itajua kabla jua lizame.

*Sijisikii kufanya kitu chochote, si kazi tu.* Kama ni wiki mbili mfululizo, usingizi umepotea ama umezidi, chakula hakishuki, watu hutaki kuwaona, hiyo si ya ratiba. Nenda hospitali uongee na daktari, na umwambie mtu wa karibu leo. Biashara itangoja.

*Niliacha miezi mitatu, naona aibu kurudi.* Jumatatu usitangaze kitu. Futa vumbi, badilisha sindano, tia mafuta, shona kitambaa cha zamani mpaka mishono inyooke. Jumanne chukua ile oda ya mwisho uliyoacha nusu na uimalize, hata kama mwenyewe alishasahau. Jumatano mpigie, umwambie iko tayari na uombe radhi mara moja tu. Alhamisi ndio uweke picha kwa stetasi.